Waridi Lenye Majani Saba

Mshonaji: Haloo? Nani mwenzangu? Kama ni gauni la sherehe halijaisha, nilisema Ijumaa!

Wifi: Si gauni. Ni mimi, wifi yako.

Mshonaji: Wifi yupi? Nina kaka watatu, na wote wameoa.

Wifi: Mke wa yule mdogo. Shikamoo.

Mshonaji: Aaa, msomi wa masomo ya jioni! Marahaba. Subiri nisimamishe cherehani... Haya. Mbona namba ngeni?

Wifi: Ya jirani. Yangu mtoto kaitumbukiza kwenye ndoo. Na vocha ya hii ni ya kuonja tu, kwa hiyo—

Mshonaji: Kwa hiyo meza mate useme.

Wifi: Waridi alilonipa Mama limechanua.

Mshonaji: Limechanua?

Wifi: Tangu juzi.

Mshonaji: Haya, hongera. Hilo la manjano.

Wifi: Jeupe.

Mshonaji: Jeupe? Mama alikuchagulia la manjano! Nilikuwepo pale kwenye bustani ya miche. Alinusa chungu kimoja kimoja mpaka muuzaji akamuuliza kama anatafuta mwizi.

Wifi: Ni jeupe, wifi. Dogo, kama kifungo cha shati. Petali tano basi.

Mshonaji: [anacheka] Kifungo! Niletee dazeni, nina mashati hapa yako kifua wazi!

Wifi: Cheka tu.

Mshonaji: Nisicheke? Keshokutwa Mama anakuja kukagua. "Nitahamia penye waridi langu lililostawi." Si ndivyo alivyosema siku ile anatugawia miche, mbele ya watu wote? Goti lake halitaki tena zile ngazi za kwake, lazima ahamie kwa mmoja wetu, na wewe umemwandalia vifungo!

Wifi: Nilitaka akae hapa.

Mshonaji: Akulelee mtoto wewe ukasome.

Wifi: Hilo nalo lipo, sikatai. Ila Mama hunifokea vizuri. Mama yangu mzazi hakuishi vya kutosha kunifokea.

Mshonaji: Haya, tusilizane. Kwangu yapo kumi na moja. Mekundu, kila moja kubwa kama kabichi. Wapita njia wanasimama.

Wifi: Niliona picha. Yana harufu?

Mshonaji: Ua ni la kutazama. Harufu utapaka.

Wifi: Wifi... mimi nilifuata maneno yako.

Mshonaji: Maneno gani?

Wifi: Mwezi wa tatu nilikupigia. Pale chini, chini ya kile kiungo walipopandikizia, palitoka tawi jipya, linakimbia kama limetumwa. Nikakuuliza nikate lipi. La zamani lina majani matano kwenye kikonyo, jipya lina saba.

Mshonaji: Nikakwambia kata la saba! La saba ni la mwitu, ni lile shina la chini linajitafutia nafasi. Hata mbuzi anajua.

Wifi: Ulisema nikate la matano.

Mshonaji: Matano? Labda mtandao— haloo? Unaona, unakata hata sasa. Haloo?

Wifi: Nakusikia vizuri.

Mshonaji: Mimi sikusikii—

Wifi: Ulirudia mara mbili. Niliandika kwenye daftari.

Mshonaji: [cherehani inaanza kulia]

Wifi: Wifi?

Mshonaji: Daftari! Mwaka wa pili huu unasoma, umeshindwa kutumia macho? Mtu akikwambia jua linachomoza magharibi, utageuza kitanda?

Wifi: Akiniambia wifi yangu, ningegeuza.

Mshonaji: Sasa sikiliza. Bado siku mbili. Nitakutafutia la manjano, lililokwisha kuchanua, tulichomeke hapo kabla hajafika. Macho yenyewe ya Mama—

Wifi: Mama yupo.

Mshonaji: Yupo wapi?

Wifi: Hapa. Kaja leo asubuhi, kasema Jumamosi ni mbali. Kakaa bustanini, mtoto yuko mapajani kwake.

Mshonaji: Yesu na Maria! Kaliona?

Wifi: Litaachaje kuonekana? Limeshafika dirishani. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniuliza, "Nani alikufundisha kukata?"

Mshonaji: Ukamwambia?

Wifi: [laini inakwaruza]

Mshonaji: We! Ukamwambia?

Wifi: Nikamwambia mtandao ulikuwa unakata.

Mshonaji: Wifi yangu—

Wifi: Ngoja, vocha. Anasema mizizi ni mizima, hakuna kung'oa. Atapandikiza upya kwenye shina lilelile, kwa mkono wake. Mpaka lishike, likue, lichanue, ni miaka miwili, na anasema hawezi kuliacha na mtu wa daftari. Kaka yako ameenda kuchukua masanduku yake.

Mshonaji: Miaka miwili!

Wifi: Akijaliwa. Kilichopungua ni kijicho tu.

Mshonaji: Ki-nini?

Wifi: Kijicho. Kale kachipukizi kanakokaa kwenye pembe ya jani. Kinakatwa kutoka waridi zima, kinafungwa kwenye shina. Amesema tukuombe wewe.

Mshonaji: Kwa nini mimi? Si kuna bustani ya miche?

Wifi: Nilimwambia hivyohivyo. Akasema tusihangaike mbali, kijicho kwako hakikosekani.

Mshonaji: Amesema— alikuwa anacheka? Wifi, alikuwa anacheka aliposema?

Wifi: Ukiviringishe kwenye kitambaa kibichi kisikauke njiani. Na uje ujionee— mtoto keshashuka, we, toa udongo mdomoni! Haya, kwaheri, Mama ananii—

Mshonaji: Usikate! Wifi! Mwambie nakuja. Mwambie nitaleta viwili, kimoja kisiposhika... Haloo? Umesikia? Viwili! Haloo?