Kiti Chetu Kilivyopinda Mupaka wa Mama Éliane

Kijiwe chetu cha Kalemie kina kiti kisichooza: kipande cha reli juu ya mawe mawili. Hukaa hapo Bertin tunayemuita Gavana, Symphorien tunayemuita Profesa kwa sababu ya miwani, na mimi mwenye akili. Kahawa ni ya Mama Éliane. Siku hiyo aliimimina nje ya vikombe. Ziwa lilipopanda lilimeza mawe ya mupaka wa parseli yake, kiwanja cha jiko, na sasa jirani anadai jiko limejengwa kwake. Likibomolewa, kahawa basi.

Akaja mupimaji wa viwanja, Mama Mireille, na meza ya miguu mitatu. Akaisawazisha mpaka povu la kipimo likatulia katikati, akabandika karatasi yenye mupaka wa zamani, akaigeuza kwa kufuata sindano ya busole, ile dira ya kuonyesha kaskazini. Halafu akachungulia kwenye rula yenye matundu: munara wa kanisa, nguzo, jiko. Kila alichokiona akakichorea mustari. Nikawaeleza wenzangu kwamba reli ya Kabalo niliipima hivyo hivyo, tena kwa jicho moja.

Alipohamia kona ya pili, tukaona tuko mbali. Tukabeba kiti chetu, tukakiweka kando ya meza yake, tukaketi kama kanisani.

Akaigeuza meza tena kwa sindano, na mustari wa mupaka ukapita katikati ya jiko. Mama Éliane akaketi chini, kitenge mudomoni.

— Ziwa limesukuma udongo, Gavana akasema. Parseli imetembea.

— Parseli tu? Profesa akajibu. Ni Afrika nzima, inaenda Kigoma. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Meza njo imechoka na safari, nikasema mimi. Muipe kahawa.

Mama Mireille hakucheka. Mistari ya kona mbili ilikuwa haikutani pale ilipopaswa. Akatugeukia.

— Bapapa, munakalia nini?

Kila mumoja alitazama katikati ya miguu yake. Sindano ilikuwa imekigeukia kile chuma kama mbuzi aliyeona chumvi.

Nikakumbusha kwamba penye wazee haliharibiki neno. Hawakunisikia. Tukabeba reli mpaka ng'ambo ya barabara, sindano ikarudi kwao kaskazini, na mustari mupya ukapita nyuma ya jiko, hatua tatu nzima. Jirani, aliyekuwa akiangalia tangu mwanzo, akachungulia tunduni, akachungulia tena, kisha akaomba nyundo apige mwenyewe jiwe la kwanza la mupaka.

Mama Éliane alimushukuru Mungu, akamushukuru Mama Mireille, akamushukuru jirani, hata meza akaipangusa kwa kitenge. Mwisho akatufikia sisi na birika.

— Na ninyi, bapapa, aksanti kwa kuinuka.

Tukainywa kahawa wima, mpaka birika likakauka.