Mlango wa Chuma wa Mama Renatha

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu wa Jumapili. Huku Mwanza mawingu yameshuka mpaka ziwa halionekani. Mimi ni Teodora Masalu, na leo tunamkumbuka Mama Renatha Longino, msanifu majengo, aliyefariki Jumatano kwa maradhi ya moyo nyumbani kwake Pasiansi. Kwa kawaida naingia studio nikiwa nimetulia. Leo naogopa. Sababu nitaisema, ila nikianzia mwisho hamtanielewa, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mama Renatha ndiye aliyechora Chuo cha Ualimu Mawe Matatu, kile cha kilimani Ilemela, chenye mabweni ya rangi ya udongo yanayotazama ziwa. Alichora mabweni, bwalo, madarasa, ngazi, mpaka mahali pa kuanika nguo. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Renatha Longino, aliyechora Mawe Matatu.

Alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, kwa wakulima wa migomba na kahawa. Akiwa darasa la tano aliletwa Mwanza kuishi na shangazi yake, Bi Prudencia, Kirumba, kule juu kwenye mawe. Mnazijua nyumba zetu za kule. Ukuta wa nyuma wa jiko la shangazi ulikuwa jiwe lenyewe, refu kuliko nyumba. Watu walimsifu kwamba ameokoa matofali ya ukuta mzima.

Msimu mmoja wa mvua, mlango wa jikoni ukakataa kufunga. Jana yake ulikuwa unafunga vizuri. Mtoto akasukuma, akasukuma tena, kisha akatoka nje na kugoma kurudi ndani.

Bi Prudencia bado yupo, ni bibi mzee sasa. Juzi nilimkuta msibani amekaa kwenye mkeka. Nikamwamkia, shikamoo bibi. Akaitikia marahaba, akanishika mkono, akaniambia hivi: "Mimi nilijua ni uvivu wa kuosha vyombo. Nikachukua mwiko nikamfuata nje nimtandike. Nimeshamshika sikio, nikasikia kitu kimekaa nyuma yangu. Hakikuanguka, mwanangu. Kilikaa, kama mtu mnene anavyokaa kitandani. Kugeuka, jiko halipo, ni jiwe tu. Ile sufuria ya ndizi sijaiona mpaka leo."

Kuanzia siku ile Renatha alikuwa na amri moja ndani ya nyumba yake, na watoto wake waliisikia hadi wakaichoka. Mlango ukikataa kufunga, toka nje kwanza, utauliza baadaye.

Akasoma, akaenda Dar es Salaam kusomea usanifu, akarudi. Ndipo akapewa kazi ya kuchora chuo. Kile kilima kina jiwe moja kubwa mno, na wakati ule lilikaa juu ya mawe matatu madogo, kama chungu juu ya mafiga. Jina la chuo limetoka hapo. Chini ya jiwe hilo kulikuwa na uwanja tambarare wenye nyasi nzuri. Mwenyekiti wa bodi, Bwana Kashindye, alitaka bweni la wasichana likae hapo hapo. Pamenyooka, kuchimba msingi ni rahisi, na ziwa lote liko mbele yako.

Mama Renatha akakataa. Mabweni akayasogeza pembeni, mengine kushoto, mengine kulia, na pale katikati akaacha patupu. Wanafunzi ikabidi wazunguke kwenda bwaloni, mvua ikinyesha wanalowa, na wanamlaani. Wakamwita Mama Woga. Yeye alicheka tu. Alikuwa akiwajibu, "Ni kweli, mimi mwoga. Nyie laleni, mimi nitaogopa kwa niaba yenu."

Sasa wasikilizaji, sisi watu wa Mwanza tunajua kupasua jiwe. Unalichoma kwa kuni na matairi mabovu, likishapata moto unalimwagia maji, linapasuka, unapata kokoto. Mlezi wangu mwenyewe alisomesha watoto kwa kazi hiyo. Basi mchana mmoja, ujenzi ukiwa umepamba moto, Mama Renatha akiwa njiani kuelekea kule aliona moshi mweusi unapanda kilimani. Akapanda mbio, viatu mkononi. Akamkuta fundi mkuu, Shimba, amechoma moja ya yale mawe matatu. Kokoto tayari ziko kwenye toroli.

Shimba mwenyewe alinisimulia, na hakujificha. "Nilimwambia, mama, si tumechukua haka kadogo tu? Lile kubwa hatujaligusa. Akaniuliza, Shimba, kwenu chungu kinakaa juu ya mafiga mawili? Nikalitazama lile kubwa, dada. Nilikuwa nimesimama chini yake tangu asubuhi, nakunywa uji."

Wakajenga nguzo ya zege kuziba pengo lile. Wengine wakalala usingizi. Mama Renatha hakuiamini nguzo ile hata siku moja. Chini ya jiwe akajenga stoo ndogo ya mipira na nyavu, ukuta wake umeshikana na nguzo, na akaiwekea mlango wa chuma. Chuo kizima kina milango ya mbao, stoo ya mipira ina mlango wa chuma! Watu walicheka sana. Binti yake, Queen, alimuuliza sababu. Mama akamjibu kwamba mbao huvimba kwa mvua, inagoma bure, inakudanganya. Chuma hakivimbi. Chuma kikigoma, ujue jiwe limesogea.

Kila mvua zilipoanza, Mama Renatha alikwenda Mawe Matatu kufungua na kufunga mlango ule. Anafungua, anafunga. Kisha anapumua, anarudi nyumbani. Queen anasema, "Nikiwa sekondari nilikuwa naona aibu kufa. Wanafunzi wanachungulia madirishani, mama yangu anabembea na mlango kama mtoto."

Miaka ikapita, chuo kikajaa. Wasichana wakawa wanalala wawili kitanda kimoja, na hilo si la kuficha, shida ilikuwa ya kweli. Bodi ikaamua kujenga bweni jipya pale patupu. Mama Renatha, ameshastaafu, alikwenda kwenye kikao. Bwana Kashindye akamwambia kwa upole, mama, jiwe hili limekaa hapo tangu Mungu aumbe ziwa. Akajibu, "Lilikaa juu ya mafiga matatu. Leo linakaa juu ya mawili na fimbo." Hawakumsikiliza, na bweni likajengwa. Wasichana wakahamia wakishangilia, kila mmoja na kitanda chake.

Masika iliyopita alikwenda na Queen kujaribu mlango. Ukafunga. Ulifunga laini mno, kuliko zamani. Mama akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa juu. Chuma kilikuwa kinang'aa. Kilikuwa kimekatwa. Akamuuliza mtunza stoo. Yule kijana akajibu bila wasiwasi, "Ulikuwa umegoma, mama, mvua zilipoanza. Tukaita fundi na grenda ya kukatia chuma, akaupunguza kidogo. Sasa hauna shida."

Queen anasema mama yake alikaa chini, kwenye matope, na gauni lake la kanisani. Akasema maneno mawili tu: "Mwanangu, limeshatembea."

Alihangaika baada ya hapo. Ofisi hii, ofisi ile. Alisikilizwa, alipewa kiti, alipewa soda, akaambiwa wataalamu watakuja. Moyo wake haukungoja. Siku za mwisho, pale Pasiansi, alimwambia Queen, "Mvua zikianza na mimi sipo, nenda ukaujaribu mlango."

Jumatano Mama Renatha akafariki. Ijumaa mvua zikaanza.

Leo asubuhi, baada ya misa, nilikwenda Mawe Matatu na Queen. Amevaa nguo za msiba, mimi nimeshika mwavuli. Akaushika mlango wa stoo, akausukuma. Haukufunga. Akausukuma kwa bega, nami nikaweka mwavuli chini nikasukuma naye. Ulibaki wazi kiasi cha kupitisha vidole vyangu. Nikainua macho kulitazama jiwe, na nawaambia kweli, nilirudi nyuma. Mbele yetu, kwenye kamba za bweni jipya, mashuka ya wasichana yalikuwa yamelowa.

Tulimwona mkuu wa chuo. Ni mtu mwenye adabu, alimpa Queen pole na kumshika mkono. Akatuambia tusiwe na wasiwasi, kesho asubuhi fundi anakuja na grenda.

Wasikilizaji wapendwa, mimi si msanifu wala mhandisi. Huenda jiwe likakaa pale miaka mingine mingi, na mimi nikachekwa kama alivyochekwa yeye. Nichekeni. Lakini tujiulize, kila mmoja nyumbani kwake, ni mara ngapi tumeambiwa jambo na mtu anayeogopa, sisi tukatafuta fundi wa kuukata mlango?

Kwa Bi Prudencia, kwa Queen na wadogo zake, kwa ukoo wote wa Longino hapa Mwanza na kule Muleba, poleni sana. Mwili utasafirishwa kesho, na maziko ni Jumanne nyumbani kwao. Mungu ampumzishe, apate kulala bila hofu, jambo ambalo duniani hakulipata.

Na nyie mabinti wa bweni jipya la Mawe Matatu. Najua mnanisikia, kila Jumapili mnanitumia salamu zenu. Aliyekuwa anaogopa kwa niaba yenu ameondoka. Mlango wa chuma umekataa kufunga. Chukueni mashuka yenu, nendeni bwaloni, sasa hivi, na mvua hii hii. Tokeni nje kwanza. Mtauliza baadaye.