Fundi Chupa na Wati Thelathini

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni redio zenu kidogo. Tunayemkumbuka leo hakupenda spika inayolazimishwa.

Ni Fundi Chupa, mtengenezaji wa amplifaya, mashine za kukuza sauti, kwa miaka arobaini na miwili. Jina hilo alilipata kwa kupenda valvu, zile chupa za kioo zinazong'aa ndani kama kaa la moto. Kila asubuhi aliziwasha, akakunja mikono, akasubiri dakika nzima zipate moto. "Mgeni hahojiwi mlangoni," alisema.

Transista, vile vipande vidogo vilivyochukua nafasi ya valvu, hakuzitaka. Alishikilia kwamba wati moja ya valvu ni sawa na wati mbili za transista. Alifundisha hivyo. Aliapa hivyo.

Ndipo binti yake akarudi kutoka chuo cha ufundi na amplifaya ya transista, wati sitini. Ya baba ilikuwa ya valvu, wati thelathini.

"Debe tupu haliachi kuvuma," baba akamcheka.

"Basi tulipime hilo debe, baba. Nikishinda je?"

"Nusu ya meza yangu ni yako. Ukishindwa, kopo lako lisilale humu."

Wakatundika pazia kuzificha amplifaya zote mbili. Spika ikawa moja, wateja wakawa waamuzi. Zote zilifunguliwa sauti mpaka mwisho. Wateja wakasema nguvu zinakaribiana, ila ya valvu ndiyo tamu. Fundi Chupa akacheza katikati ya karakana!

 Binti akaweka kipimo cha wati. Thelathini ni thelathini, sitini ni sitini.

"Wati zikiwa mara mbili, sikio husikia nyongeza ndogo tu, baba. Halafu valvu ikizidiwa huipinda sauti taratibu. Transista huikata ghafla, ikakwaruza. Ndiyo maana yako inavumilika ikisukumwa. Si wingi wa wati."

Mkewe anasimulia: "Alipima mara tatu. Akavua miwani, akaifuta, akapima tena. Nikajua leo maji yamemfika shingoni."

Angeweza kunyamaza. Wateja walikuwa upande wake. Badala yake alichukua chaki, akaandika ukutani: WATI NI WATI. NILIKOSEA. Kisha akasogeza kiti chake, nusu ya meza ikabaki wazi.

Maandishi hayo yamekaa miaka kumi na minane. Kila yalipofifia, aliyakoleza mwenyewe.

Fundi Chupa ametutoka juma hili. Mama, pole sana. Binti, pole mwanetu. Nasi tuliobaki tujiulize: ni kosa gani letu tumeliandika ukutani kwa mkono wetu?

Wasikilizaji wapendwa, wakati huu, kule karakanani, binti anaiwasha amplifaya ya baba yake. Tunyamaze dakika moja. Tuziache chupa zipate moto.