Shimo Nyuma ya Benchi la Shangazi

Benchi la Shangazi lina miguu mitatu na tofali moja, nalo limekaa pembeni ya kibanda cha fundi cherehani, pale barabara inapopinda. Asubuhi hiyo wateja wake wa kahawa walikaa kinyumenyume, migongo barabarani, wakikodolea macho shimo lililozungushiwa kamba. Jana yake mafundi wa bomba walikuwa wakichimba mtaro, sururu ikazama, na chini kukaonekana ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, kisha chumba cha duara ambamo mtu mzima anasimama wima. Kazi ya mikono ya watu wa kale, hilo halikuwa na ubishi. Afisa wa mambo ya kale alikuja mbio, akafunga kamba, akasema mtaalamu angefika leo kuamua shimo ni la aina gani. Likiwa kaburi, eneo zima litajengewa ukuta na kila mtu atahama. Likiwa kitu kingine, litawekewa mfuniko na maisha yataendelea. Shangazi hakupata usingizi. Kwa birika lile lile, mahali pale pale, ndipo alipolelea wanawe wote, na sasa watu walikuwa wanalipigia soga shimo lake kana kwamba ni mpira wa jana.

— Hiyo ni barabara, alisema Breki, dereva mstaafu wa lori, akipuliza kikombe chake. Barabara ya chini kwa chini. Watu wa kale nao walichoka na foleni.

— Foleni ya nini, na magari hayakuwepo? aliuliza Sindano, fundi cherehani, ambaye suruali ya mteja ilikuwa inamngoja tangu kulipokucha ikiwa na mguu mmoja.

— Ya ng'ombe. Wewe hujawahi kukaa nyuma ya ng'ombe mia, ndiyo maana unaongea.

— Basi mimi nilichungulia. Mlango mwembamba, anapita mtu mmoja mmoja tena kwa kuinama. Hayo ni maficho ya vita. Adui akiinama unampa moja ya kisogo, unaita mwingine.

— Nyote wawili mnaota mchana, alisema Pima Maji, mwashi, ambaye hata kwenye benchi hukaa wima. Ukuta umelainishwa vile kwa nini? Hakuna anayejisumbua hivyo ila anayetaka kuhifadhi maji. Hilo ni tangi. Mimi nimejenga matangi.

— Umejenga, na yote yanavuja, alisema Sindano.

Breki hakuwa mtu wa kuachwa nyuma. Kama barabara imekataliwa, alisema, basi ilikuwa gereji ya mfalme.

— Gereji ya nini tena?

— Ya kiti chake. Mfalme si alikuwa anabebwa? Usiku kile kiti kililala wapi, kinyeshewe?

— Afadhali hata iwe jela ya mashemeji, alisema Sindano. Shemeji akija kutembea, mwezi ukapita hajaaga, anateremshwa mle taratibu pamoja na mkeka wake.

— Wako angekuwa mle mpaka leo, alisema Pima Maji.

Wakacheka hadi Breki akajimwagia kahawa gotini. Shangazi akalitua birika kwa kishindo.

— Chekeni. Na lile jiwe refu lililo ukutani kama kitanda, mbona hakuna anayelitaja?

Kicheko kikakatika. Kila mmoja alikuwa ameliona jiwe hilo, na kila mmoja alikuwa amelikwepa makusudi. Kitanda cha jiwe chini ya ardhi, nani asiyejua ni cha kulazwa mtu wa namna gani?

— Wakisema ni kaburi, mimi nakwenda wapi? aliuliza Shangazi. Niambieni basi, ninyi mnaojua kila kitu.

Pima Maji aliweka kikombe chini.

— Halitakuwa kaburi, Shangazi. Litakuwa tangi. Sindano, tangi lina nini ndani?

— Maji.

— Na lile lina nini?

Wakatazamana, wakaafikiana kulijaza kabla mtaalamu hajafika. Tangu kijiwe kile kiwe kijiwe, watatu hao hawakuwahi kukubaliana jambo, na hapo ndipo Shangazi angepaswa kuogopa. Badala yake akawatolea ndoo zake mwenyewe. Breki akachota bombani, Sindano akapokea, Pima Maji akavuka kamba akawa anamwaga ngazini kwa madaha. Maji yakatuama chini, yakang'aa vizuri kabisa. Kisha yakaanza kupungua. Kisha yakaisha.

— Linavuja, alisema Breki.

— Kwa hiyo kweli ni tangi la mwashi, alisema Sindano.

Mtaalamu naye alikuwa ameshafika: mwanamke wa makamo, buti miguuni, tochi kichwani. Alisalimia, akateremka, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na tope hadi magotini.

— Nani amemwaga maji humu?

Breki akaangalia mawingu, na siku yenyewe haikuwa na wingu. Shangazi angeweza kunyamaza kama wenzake, lakini hakuumbiwa hilo.

— Ni kwa ajili yangu, mwanangu. Hawa walitaka liwe tangi ili nisihamishwe. Kama ni kulaumu, nilaumu mimi niliyewalilia.

Mtaalamu akaziangalia ndoo zilizofichwa vibaya nyuma ya miguu yao.

— Msirudie. Mngeosha kila kitu nilichokuja kukitafuta. Bahati yenu nimeona ya kutosha. Akajisogezea nafasi, akakaa kati yao. Tangi halichongewi tundu la kutolea maji sakafuni, na hili linalo. Kaburi nalo halina jiko katikati, na hapa pana masizi ya moto wa miaka na miaka. Hilo jiwe refu kama kitanda linazunguka ukuta wote, tena limelika kwa kukaliwa. Hayo ni makalio, shangazi yangu, si maiti.

— Kwa hiyo sihami?

— Huhami. Utasogeza benchi kidogo, mfuniko upate kupita.

Furaha ilimjaa Shangazi kifuani, akammiminia mgeni kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani, na hakuna aliyethubutu kumkosoa.

— Limebaki jambo moja linalonitatiza, alisema mtaalamu akipokea kikombe. Sijaona nafaka mle, wala zana, wala silaha. Ni watu tu, wamekaa kuzunguka moto, baba mpaka mjukuu, kazi zao wameziacha huko juu. Ninyi mna uzoefu. Watu wakikaa namna ile kila siku, huwa wanafanya nini hasa?

Pima Maji alikagua kikombe chake kama kimekaa sawa. Breki alimtazama Sindano, Sindano akamtazama Breki. Shangazi, aliyewasikiliza miaka yote hiyo, naye alifikiri sana, kisha akainua birika na kuuliza nani aongezewe.