Tlalane wa Lekhalong, Aliyefungua Njia ya Phororong

Mama yetu, 'M'e 'Mapontšo Moshabesha, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 hapa Lekhalong, binti wa pili wa mzee wetu, Ntate Lephoto Ntsane, na mkewe. Mvua ilikosekana mwaka ule, wakamwita Tlalane, yaani njaa. Mwenyewe alisema jina hilo halikumkaa hata siku moja, na sisi tuliokula naye ni mashahidi: hakuna aliyewahi kumwona akibakiza ugali.

Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo Tlalane na dada yake walipokezana: wiki hii mmoja shule ya misheni, mwenzake malishoni na kondoo, wiki ijayo wanabadilishana. Alimaliza darasa la saba mwaka 1968. Kusoma na kuandika alifundishwa na walimu. Njia za mifugo, pango lenye michoro ya kale na kila chemchemi ya huko juu alijifundisha mwenyewe.

Tarehe 17 Agosti 1974 aliolewa na Ntate Khoabane Moshabesha, na wakwe zake wakampa jina la 'Mapontšo, yaani mama wa Pontšo, hata kabla hajapata mtoto. Pontšo mwenyewe alizaliwa miaka miwili baadaye. Ntate Khoabane alikuwa mgodini Afrika Kusini, akija nyumbani Krismasi na Pasaka, hadi kifua kilipomrudisha moja kwa moja mwaka 1988.

Tangu 1979 'M'e alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni. Aliwaona wageni wakishuka kwenye basi, wakipiga picha maporomoko ya Phororong kutoka barabarani, kwa mbali, na kuondoka kabla sufuria haijachemka. Jambo hilo lilimkera. Akapanga safari ya siku nzima kwa farasi: asubuhi pangoni, mchana chini ya maporomoko, jioni uji mchachu wa motoho kwa akina mama wa kijiji cha Ha Mpiti. Waongozaji wa farasi, wote wanaume, walikataa kuongozwa na mpishi. Shauri likafika barazani kwa chifu.

Mkuu wao, Ntate Letlatsa, alisimama akasema, "'M'e, hao farasi wanajua njia ya jikoni kwako. Watakurudisha huko huko kabla ya saa sita."

Watu wakacheka. Mmoja akamgeukia Ntate Khoabane, akamuuliza kama nyumbani kwake suruali anavaa nani. Ntate Khoabane alikohoa kwanza, kisha akajibu taratibu: "Nimefanya kazi chini ya milima ya watu miaka kumi na mitano. Mke wangu anataka kufanya kazi juu ya mlima wetu. Mwacheni."

Chifu alimpa siku moja ya majaribio. Akishindwa, asiliguse tena jambo hilo.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Oktoba 1989. Aliondoka na wageni saba, mmoja wao mzee mwenye goti bovu. Walipotoka pangoni ukungu ulishuka, mzito. Makundi mawili ya Ntate Letlatsa, yaliyotoka na wageni siku hiyo hiyo, yaligeuza yakarudi. 'M'e naye aliogopa. Lakini aliijua njia ya kondoo inayopita chini ya mwamba, akashuka kwa miguu, akawafunga farasi kamba moja na kuwavuta hatua kwa hatua. Walipofika bondeni ukungu ulipasuka, na Phororong yote ikasimama mbele yao. Yule mzee alivua kofia, akalia.

Walirudi wote saba jua likiwa bado juu ya kilele. Mji mzima ulikuwa barabarani, akina mama wakipiga vigelegele. Ntate Letlatsa alimshikia farasi ashuke, akasema, "'M'e, hiyo njia ya chini ya mwamba siijui. Utanionyesha lini?"

Alimwonyesha Jumatatu yake. Walifanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili.

Ntate Khoabane alitutoka mwaka 2003. 'M'e aliendelea kupanda farasi hadi alipotimiza miaka sitini na sita. Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua. Mwezi uliopita aliomba apelekwe Phororong. Wanawake sita aliowafundisha walimpandisha farasi, wakampeleka na kumrudisha, naye njia nzima akiwakosoa wanavyoshika hatamu. Alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 4 Juni 2024, siku tano kabla ya kutimiza miaka sabini na miwili.

Ameacha watoto watatu, Pontšo, Lefa na Relebohile. Wajukuu wanane, kitukuu mmoja. Na waongozaji kumi na wanne, tisa kati yao wanawake. Leo tunapomzika, farasi wote wa Lekhalong wamepumzishwa. Jumatatu saa mbili asubuhi safari zinaendelea. Aliagiza hivyo mwenyewe, akataka pia wageni wasicheleweshwe kwa ajili yake.

Lala salama, 'M'e. Umefika.