Stesheni ya Dolgol

Chuseok, sikukuu ya mavuno ya Wakorea, ilikuwa imekaribia, na mzee aliyekaa mbele yangu kwenye treni alibeba mundu mpya na chupa ya pombe ya mchele, akienda kufyeka makaburi ya kwao. Mzee hakumjua hata kidogo bibi wa pembeni yake, lakini alipomsikia bibi huyo akisema anashuka Dolgol, akashindwa kunyamaza.

"Dolgol! Kile kibanda cha kuku nacho ni stesheni? Sisi watu wa Sonmaru tungeona aibu."

"Kibanda chetu, mzee mwenzangu. Bibi zetu walikibebea mawe kichwani," bibi akajibu huku akimenya yai. "Ninyi mlitangulia kupewa stesheni, mkaikataa."

Behewa zima likatega sikio. Mimi nilishatega zamani.

"Wazee wetu walikuwa na akili! Reli ingekata mshipa wa mlima unaolinda makaburi. Marehemu wangelalaje?"

"Basi sisi tukatoa shamba letu la maharage. Soko likaja kwetu, shule ikaja kwetu. Na marehemu wetu wanakoroma tu."

"Treni ni kelele tupu!"

"Kwani wewe hapa umepanda nini, punda?"

Abiria wakaangua kicheko. Mzee akaanza kueleza jinsi gari la mwanawe lilivyoharibika, maelezo marefu kuliko handaki tulilokuwa tunapita. Treni ikasimama Dolgol. Akainuka, akakumbatia chupa yake, maana anayekwenda Sonmaru hushukia hapo hapo.

Bibi akampisha kwa heshima zote. "Karibu kwetu, mzee mwenzangu. Ukifika makaburini wasalimie wazee, na uwaambie umekuja umepanda nini."