Mama Breki na Shemeji Yake Seremala

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, familia imenituma nisome maisha ya mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Breki, alilopewa na wanafunzi wake wa udereva kwa namna alivyolitamka neno hilo, kwa sauti ya kumshtua hata dereva wa gari la nyuma.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mpishi wa hospitali na mkunga, akahitimu sekondari ya wasichana mwaka 1976, akafanya kazi katika duka la vipuri vya magari, kisha mwaka 1983 akapata leseni ya kufundisha udereva, kazi aliyoifanya hadi kustaafu mwaka 2018. Tarehe 7 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi umeme, mwanafunzi wake, ambaye mpaka leo anadai alifeli mtihani kwa kumtazama mwalimu badala ya barabara, wakajaliwa watoto watatu.

Lipo jambo ambalo shemeji yake, mdogo wa mumewe, seremala aliyeketi hapa mbele, ametuomba lisemwe bila kufichwa. Mwaka 2009, baada ya kufiwa na mkewe, alianza kugawa randa na misumeno yake, akisema hana kazi nazo tena, na sisi tukamsifu kwa ukarimu, ila Mama Breki aliingiwa na wasiwasi, akaenda karakana, akapangusa maranda kwenye benchi, akaketi, akamuuliza, "Shemeji, unafikiria kujiua?"

Sisi tuliamini kulitaja neno hilo ni kuliita, kumbe ndilo lililomfungua mdomo, akalia, akajibu, "Ndiyo, shemeji. Nimechoka." Mama Breki hakumkemea wala kumhubiria, alimsikiliza mpaka akamaliza, na alipoombwa asimwambie mtu, akasema, "Hilo siwezi kukuahidi. Twende hospitali, nitakaa na wewe," wakaondoka mchana ule ule kwa gari la mafunzo, lenye kibao cha mwanafunzi juu ya paa, seremala akicheka katikati ya machozi.

Haikwisha siku hiyo. Daktari alimpa dawa na mazungumzo ya kila wiki, ndugu tukapeana zamu asibaki peke yake, na Mama Breki akawa anapitia asubuhi kunywa naye chai, mara nyingine kimya kimya. Mwaka uliofuata mawazo yalirudi, lakini safari hii seremala alipiga simu mwenyewe, "Shemeji, yamerudi, njoo," naye akaahirisha masomo akaenda. Siku hizi karakana inafanya kazi tena, na kila Jumamosi wanaume waliofiwa hukusanyika humo kuzungumza.

Mama Breki alianza kuugua figo mwaka 2021, akalazwa mara kadhaa, shemeji yake akiwa ndiye anayemwinua kitandani na kumchana nywele, vibaya lakini kwa moyo, hadi alipofariki mchana wa tarehe 3 Juni mwaka huu, familia ikiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani na walimu wenzake wa udereva, na seremala anamsihi yeyote hapa anayebeba mzigo kama wake amwambie mtu leo.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, na shemeji aliye hai. Pumzika kwa amani, Mama Breki.